Darubini ya milimita 70: nimekaa nayo miezi sita, hiki ndo inachoona

Habari zenu wakuu, karibuni tena. Hii hapa mezani ndo ile darubini mliyoiulizia sana, lenzi ya mbele ina upana wa milimita 70, nimekaa nayo tangu Januari mwaka huu wa 2026, yaani hii sio video ya kufungua boksi alafu nakwambia nzuri nunua, hapana, hii nimekesha nayo. Jina la kampuni silitaji kwasababu darubini za namna hii zinauzwa kwa majina kibao na ndani ni kitu kilekile, kwaiyo hata kama yako ina rangi nyingine haya yanakuhusu. Mimi imenitoka laki mbili na tisini mpaka inafika Dar kwa ajenti wa mizigo.

Kwanza boksi. Limeandikwa inakuza mara 525, naomba usinunue kwa ajili ya hiyo namba. Hesabu yake iko hivi, darubini hii ni ya milimita 700, yaani umbali kutoka lenzi ya mbele mpaka mwanga unapokutana, imeandikwa pale ubavuni, unachukua 700 unagawa kwa namba ya kale kalenzi kadogo unakoweka jicho, ya 25 inakupa mara 28, ya 10 inakupa mara 70, ya 4 inakupa 175, alafu wamekuwekea kibomba cha kuzidisha mara tatu ndo wanafika hiyo 525. Sasa lenzi ya milimita 70 mwanga inaokusanya ni kidogo, mwisho wake wa maana ni kama 140, ukipita hapo sayari inakuwa kubwa kweli ila imefifia na ukungu juu, kama ukivuta picha ya WhatsApp kwa vidole. Mimi natumia mbili tu, ya 25 na ya 10, zile zingine zimelala.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri hasa wenye watoto nyumbani. Humu ndani kuna kakioo keusi, kimeandikwa ka kuangalizia jua, kanafungwa kwenye lenzi ya jicho. Katupe. Sio ukahifadhi, katupe. Lenzi ya mbele inakusanya jua lote inalipeleka pale pale kakioo kalipo, kakipasuka kwa joto jicho lako ndo lipo nyuma yake, na jicho likiungua hivyo hakuna wa kulirudisha.

Tatizo lake kubwa ni miguu. Myembamba, ukigusa tu kile kirungu cha kusafishia picha, sayari ya Mshtarii (Jupiter) inacheza kama iko ndani ya maji, unasubiri itulie, ukigusa tena inacheza tena. Mimi nilichofanya sirefushi miguu kabisa, naiacha mifupi nakaa kwenye stuli, alafu pale katikati naning'iniza dumu la lita tano lenye maji. Imetulia sana, hata upepo wa jioni hausumbui. Kingine kwa sisi wa pwani ni unyevu, usiiingize ndani ukaifunga hapo hapo kwenye begi ikiwa na umande, lenzi itaota fangasi, iache ikauke kwanza, na vile vipakiti vya kwenye boksi za viatu usivitupe, viweke kwenye begi.

Haya sasa, inaona nini.

Mwezi, kila mtu anaanza nao, na kosa la wengi ni kusubiri uwe mpevu. Mwezi ukiwa mpevu jua linaupiga usoni, hakuna vivuli, unaona sahani nyeupe inayoumiza jicho. Angalia siku ya saba hivi baada ya kuandama, ukiwa nusu, pita na ile mpaka ya giza na mwanga, hapo milima na mashimo yanatoa vivuli virefu. Copernicus ni shimo la kilomita 93 kwa upana, siku mbili tatu baada ya nusu unaona kingo zake zimepata jua huku ndani bado kuna giza. Nimekaa pale mpaka chai imepoa.

Lakini kilichonifanya niipende hii darubini ni Mshtarii. Januari ilikuwa imekaribia Dunia kuliko siku zote za mwaka, inachomoza jua likizama, na kwa mara 70 unaiona kabisa ni duara, sio nukta, imekandikwa mikanda miwili ya kahawia, na pembeni yake kuna vidoa vinne vimejipanga kwenye mstari. Ndo miezi yake hiyo, Io, Europa, Ganymede na Callisto, ileile Galileo aliiona Januari 1610 akajua kumbe sio kila kitu angani kinaizunguka Dunia. Ganymede peke yake ni kubwa kuliko sayari Zebaki, yaani mwezi unaoizidi sayari!

Binti wa jirani yangu yuko kidato cha pili, usiku wa kwanza akaona viwili kushoto viwili kulia, akaenda zake. Kesho yake kaja, kachungulia, akaacha jicho pale muda mrefu alafu akasema anko, vimehama. Kimoja hakipo kabisa! Kilikuwa kimejificha nyuma. Kuanzia hapo akawa anakuja na daftari la mistari, anachora duara katikati na vidoa vinne pembeni, anaandika tarehe na saa, wiki tatu mfululizo ukiondoa siku za mawingu, na kwenye zile kurasa ukizifunua harakaharaka unaona kabisa kimoja kinawahi kurudi kila baada ya siku mbili kasoro, hiyo ni Io, na kingine kinaenda mbali kabisa kinachukua zaidi ya wiki mbili kurudi, Callisto. Hakuna aliyemwambia, kaiona mwenyewe kwa darubini ya laki mbili na kitu. Angalizo moja tu, kale kakona kenye kioo unakochomeka lenzi ya jicho kanageuza kushoto kuwa kulia, kwaiyo ukilinganisha na programu ya simu usishangae. Na sayari haikai, kwa mara 70 Dunia inavozunguka inakutoka kwenye lenzi chini ya dakika tatu, inabidi uwe unaisogeza sogeza.

Zohali nayo, ile sayari yenye pete. Walioniambia mbona pete hazionekani, sio darubini yako mbovu, Machi 2025 pete zilitugeukia ubavu na ni nyembamba mno, Januari zilikuwa kama sindano imechomwa katikati ya shanga, sasa ivi zinafunguka taratibu na miaka inayokuja zitapendeza sana. Ukiweka jicho vizuri kuna kinyota pembeni, hiyo ni Titan, mwezi wa Zohali, ina hewa nzito na maziwa ya methani, mwaka 2005 chombo Huygens kilitua kule.

Zuhura usitegemee kuona kitu juu yake, ni mawingu matupu, ila umbo lake linabadilika kama la mwezi, sasa ivi jioni kule magharibi bado imenona, ikifika Septemba itakuwa imekonda kama mwezi mwandamo. Mirihi kwa hii ni kitone cha machungwa, subiri Februari 2027 itakapokaribia.

Sasa swali la kwenye video iliyopita, je inaona sayari za nje ya mfumo wetu wa jua? Haioni, na hata wataalamu wenye darubini kubwa nyingi hawazioni moja kwa moja, wanaangalia nyota ikipungua mwanga kidogo sayari ikipita mbele yake, au nyota ikiyumba kwa kuvutwa na sayari. Kwa hiyo njia ya kuyumba ndo wanasayansi Mayor na Queloz walivyoipata sayari ya 51 Pegasi b mwaka 1995, mwaka wake mzima ni siku nne, wakapewa Nobel 2019. Leo zimethibitishwa zaidi ya 6,000. Ila nyota zenyewe unaziona! Hapa kwetu tuna bahati ambayo watu wa Ulaya hawana, Alpha Centauri kwao haichomozi, sisi Mei saa tatu usiku iko juu kusini inang'aa. Kwa macho ni nyota moja. Weka lenzi ya 10, zinakuwa mbili, za manjano, zimekaa karibu kama macho ya paka gizani. Ndugu yao wa tatu, Proxima, ni hafifu mno kwa darubini hii, ila mwaka 2016 walitangaza sayari inaizunguka, miaka ya mwanga 4.2 tu kutoka hapa, yaani mwanga unatumia miaka 4.2 kufika. Na 2025 darubini ya James Webb, ile iliyoko angani, ikapata dalili za sayari nyingine kwa mmoja wa wale wawili unaowaona, bado haijathibitishwa. Mimi nikijua hivyo zile nukta mbili siziangalii tena kama zamani.

Kwaiyo ningeinunua tena? Ndio, bila kufikiria. Ukienda kuichukua beba tochi, mulika lenzi ya mbele kwa pembeni, ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui huo ni fangasi, irudishe, vumbi kidogo haina shida. Na usiijaribu mchana kwa kutazama taa za dukani, omba ukaielekeze kwenye mnara wa simu ulio mbali, maandishi na vyuma vikionekana safi, chukua.