Meza Juu ya Lami: Uzoefu Wangu wa Kula Barabarani Katikati ya Nairobi

Mama yangu alikuwa na umri wa miaka 72 wakati kisa cha kwanza cha korona kilipotangazwa nchini mnamo Machi 2020, na tangu siku hiyo hakuketi tena mkahawani kwa zaidi ya mwaka mzima. Alipata dozi ya kwanza ya chanjo Aprili 2021, ya pili ikachelewa kwa sababu shehena kutoka India zilikwama, na hata alipoipata aliendelea kukataa kila mwaliko wa chakula cha mchana mjini. "Chumba ni chumba," alikuwa akiniambia, "hata wakikipamba maua." Kwa hiyo niliposikia kwamba barabara moja fupi iliyo karibu na Kenyatta Avenue ingefungwa kwa magari kila mwisho wa wiki, ili mikahawa iliyopakana nayo itandaze meza zake juu ya lami, wazo langu la kwanza halikuwa mandhari wala picha za kupakia mtandaoni. Niliwaza hewa, na kwamba huenda hatimaye ningemtoa mama nyumbani.

Tumekwenda pale mara tatu kati ya Julai na Novemba 2021, mara zote katika mkahawa mmoja ambao jina lake nalihifadhi, kwa kuwa kasoro nilizoziona zingeweza kuwa za jirani yake yeyote. Naandika kama mteja aliyelipa bili zake zote tatu.

Inafaa nieleze kwanza kwa nini jambo hili lilikuwa zito kwetu. Januari 2020, katika mkahawa mmoja wa mji wa Guangzhou nchini China, watu 10 wa familia tatu zilizoketi kwenye meza zilizokaribiana waliambukizwa, na watafiti waliochunguza tukio hilo waliitilia shaka hewa iliyokuwa ikizungushwa na kiyoyozi katika ukumbi usiokuwa na dirisha lililofunguliwa. Mama alisimuliwa kisa hicho na mpwa wangu, ambaye ni muuguzi, na kikamkaa moyoni kuliko matangazo yote ya Wizara ya Afya. Mnamo Aprili mwaka huohuo jiji la Vilnius, Lithuania, liliiruhusu mikahawa yake itumie viwanja na barabara za umma bila malipo, na Juni jiji la New York likaanzisha mpango wake. Sisi tulikuwa na kafyu, hoteli zilizofungwa zikafunguliwa na kufungwa tena, na kuanzia Mei 2021 mikahawa ya Nairobi ikaruhusiwa kuhudumia wateja hadi saa moja jioni. Katika hali kama hiyo, mwenye mkahawa anayepewa mita kadhaa za lami huwa amepewa pumzi, na mteja mwenye mzazi mzee vilevile.

Ziara ya kwanza ilikuwa Jumapili ya baridi kali mwezi Julai. Barabara ilizibwa pande zote mbili kwa vizuizi vya plastiki vyekundu na vyeupe vilivyojazwa maji, na askari wa kaunti alisimama kando ya kila upande. Penye lango palikuwa na kipimajoto, na pia chombo cha mbao cha kunawia mikono kinachokanyagwa kwa mguu, cha aina ile ambayo mvulana wa miaka 9 kutoka Bungoma alitunukiwa nishani na Rais kwa kuibuni. Mama alikifurahia chombo hicho kiasi cha kunawa mara mbili. Nilipima nafasi kati ya meza yetu na iliyofuata kwa hatua zangu: hatua mbili kubwa, ambazo ni zaidi ya ile mita moja na nusu tuliyokuwa tukihimizwa kila siku. Adhana ya adhuhuri kutoka Msikiti wa Jamia ilisikika wazi, neno kwa neno, na hapo ndipo nilipotambua jinsi honi za magari zilivyozoea kutuibia sauti nyingine zote za mji.

Mhudumu wetu alikuwa kijana mpole ambaye barakoa yake haikushuka chini ya pua hata mara moja. Alipoona mama amejifunika leso juu ya sweta alisema, "Shosho, kivuli hiki kina baridi. Nikusogezee meza kwenye jua?" Akaibeba meza nzima pamoja na vijiko vyake, akaisogeza hadi ule ukanda mwembamba wa jua uliokuwa ukipita kati ya majengo mawili, na baada ya nusu saa jua lilipohama alirudi bila kuitwa akaisogeza tena. Kwa hilo pekee ningempa nyota tano.

Chakula kilikuwa habari nyingine. Jiko liko ndani, nyuma kabisa ya jengo, na nilihesabu hatua zaidi ya 40 kutoka mlango wake hadi mezani petu. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa Julai hauna huruma na sahani isiyofunikwa. Samaki wa kukaanga alitufikia akiwa vuguvugu, na ugali ulikuwa umeshaanza kuota ile ngozi kavu inayojitokeza ukiachwa wazi. Mama aliibandua kwa kidole gumba, akaiweka pembeni ya sahani, akaendelea kula bila kusema neno. Kifuniko cha sahani hakigharimu pesa nyingi. Nilimwambia meneja hivyo, kwa heshima, naye akaahidi kulishughulikia, lakini hadi ziara ya tatu sikuona kifuniko hata kimoja.

Kuhusu menyu, iwatoshe kujua kwamba hakuna karatasi: kuna alama ya kuskani kwa simu iliyobandikwa mezani, na mzee mwenye simu ya vibonyezo hana budi kusomewa na mwanawe. Malipo ni kwa M-Pesa au kadi. Bili ilikuwa na shilingi 100 kwa kila mtu kama ada ya meza ya nje, ada ambayo haikutajwa popote kwenye menyu. Nafahamu kwamba VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, iliyopunguzwa hadi asilimia 14 Aprili 2020 ilikuwa imesharejea asilimia 16 tangu Januari 2021, na kwamba mwenye mkahawa aliyefunga kwa miezi kadhaa ana madeni ya kulipa, sikatai kuchangia. Ninachokataa ni kuchangishwa bila kuambiwa, tena kwa nafasi ambayo ni barabara ya umma.

Tulirudi mapema Oktoba, mijakaranda ikiwa imechanua, na hiyo ndiyo siku ninayoikumbuka kama uthibitisho kwamba wazo lenyewe ni jema. Watoto wawili walikuwa wakiendesha baiskeli mahali ambapo siku za kazi magari huegeshwa ubavu kwa ubavu. Mama aliagiza pilau na kachumbari, akaongea na mwanamke wa meza ya jirani kwa sauti ya juu kidogo, kama wanavyoongea watu waliotenganishwa na ua, na wakagundua kwamba wote walifundisha katika shule za msingi za Murang'a miaka ya 1980. Kulikuwa na mwewe, bila shaka. Wale wanaopenda kuelea juu ya Soko la Jiji wamekwisha kuujua mtaa huu, na mmoja alishuka kimya kimya akanyakua kipande cha nyama kutoka sahani ya bwana mmoja aliyekuwa akijieleza kwa mikono miwili. Bwana yule alibaki na uma mtupu. Mhudumu alimletea kipande kingine bila malipo, jambo lililonionyesha kwamba halikuwa tukio la kwanza.

Siku hiyo pia nilipata nafasi ya kuwatazama watu ambao mpango huu haukuwafikiria. Mng'arishaji viatu ambaye kwa miaka mingi alikuwa na kibanda chake karibu na mlango wa benki alihamishiwa kona ya mbali, nyuma ya vizuizi. Nilimfuata huko baada ya kula, naye akasugua kiatu changu huku akizungumza bila hasira. "Mkubwa, wateja wangu walikuwa wanashukia hapa kwa magari yao," alisema. "Siku hizi Jumamosi wanashukia upande wa pili, na huko kuna mwenzangu." Mwenye duka la vifaa vya umeme alinilalamikia kwamba mkokoteni haukuweza kumfikishia mzigo hadi Jumatatu. Aidha, meza za mikahawa miwili zilikuwa zimepanda hadi kwenye njia ya waendao kwa miguu, kiasi kwamba mtu mwenye kiti cha magurudumu alilazimika kurudi alikotoka. Kusogeza meza mbili kungetosha. Inaonekana hakuna aliyepewa kazi ya kupita na kuangalia.

Ziara ya tatu ndiyo iliyoipunguzia huduma hii nyota mbili. Kafyu ilikuwa imeondolewa tarehe 20 Oktoba, siku ya Mashujaa, wateja walikuwa wengi, na mvua za vuli zilikuwa zimeanza. Tulipofika Jumamosi ya Novemba, saa kumi na moja jioni, tulikuta mkahawa umesimamisha hema kubwa juu ya meza zake zote. Paa peke yake nisingelilaumu, kwa kuwa hakuna anayetaka supu ya maji ya mvua. Lakini turubai za plastiki angavu zilikuwa zimeteremshwa pande zote nne na kufungwa kwa kamba hadi chini, ukiacha upenyo mmoja wa kuingilia, na ndani meza zilikuwa zimesongamana ili kila mtu apate nafasi chini ya paa. Plastiki ilikuwa na ukungu wa pumzi za watu, kiasi kwamba ungeweza kuandika jina lako kwa kidole. Waya wa umeme wa taa ulilala juu ya lami iliyolowa. Mbaya kuliko vyote, katikati ya hema palikuwa na majiko mawili ya makaa yakiwaka ili kuwapasha wateja joto, nasi tumeonywa tangu utotoni tusilale na jiko la makaa katika chumba kilichofungwa.

Nilimwendea meneja nikamwomba akunje walau turubai za pande mbili zinazotazamana, ili hewa ipite. "Wateja wanalalamika baridi, bwana," alinijibu. Nilimweleza kwamba New York, baridi ilipowafika, hema lililoziba zaidi ya nusu ya kuta zake lilihesabiwa kuwa ukumbi wa ndani, na kwamba jiji kuifunga barabara nzima ili watu wapate hewa, kisha yeye kuifungia hewa hiyo nje, ni kulipia kitu na kukitupa. Alinisikiliza kwa adabu na hakugusa kamba hata moja. Nakiri kwamba watu wa ndani walionekana kufurahi, na huenda nilionekana mkorofi. Mama hakusubiri mwisho wa mazungumzo. Alichungulia ndani kupitia upenyo, akaishika barakoa yake kana kwamba anahakikisha bado ipo, kisha akanigeukia: "Si nilikwambia? Hiki ni chumba."

Nyota tatu kati ya tano, basi, na wala si kwa sababu ya ugali uliopoa. Ukienda mchana usio na mvua, utapata utulivu ambao katikati ya jiji hili haupatikani kwingine siku ya Jumamosi; omba meza ya upande wa jua na uulize kuhusu ada ya nje kabla hujaketi. Ukiwa na mzazi mzee au mtu mwenye pumu, piga simu kwanza uulize swali moja tu, kama turubai zimeteremshwa, na ukijibiwa kwamba ndiyo, kuleni nyumbani. Kaunti, kwa upande wake, ingeweza kuandika sharti la pande mbili wazi katika kibali chenyewe, na kumpa mmoja wa wale askari wanaosimama penye vizuizi jukumu la kuzunguka na kulikagua, badala ya kuyasubiri malalamiko ya watu kama mimi.

Jioni ile hatukuketi. Kwa kuwa tulikuwa tumekwisha kuagiza, nilimwomba yule mhudumu wa Julai atufungashie, naye akaingia jikoni mwenyewe akatoka na mifuko miwili, akatusindikiza kwa mwavuli hadi gari lilipokuwa limeegeshwa, mbele ya Soko la Jiji. Tulishusha vioo vyote vinne kiasi cha vidole vitatu ili mvua isituingie, mama akatandaza leso mapajani, tukafungua mifuko. Kwa mara ya kwanza, samaki wa mkahawa ule alitufikia akiwa moto.