Swichi ya kujirudi au ya kung'ang'ania, ipi ufunge kwa ajili ya dashibodi ya pikipiki?
Kama unataka kuhama odometa (kilomita zote za pikipiki) kwenda tripu (kilomita tangu ulipoirudisha sifuri) bila kuachia hendeli, swichi zipo aina mbili na kwa sura zinafanana kweli. Ile inayojirudi yenyewe ukiachia, kama ya honi, ndo yenyewe, maana kitufe cha dashibodi nacho ni hivyohivyo, unachomelea waya mbili kwenye miguu ya kitufe hicho unazivuta hadi kwenye swichi ya hendeli basi, na kitufe cha zamani bado kinafanya kazi. Ile inayobaki imebonyea, dashibodi inadhani umeshikilia tu, na nyingi ukishikilia tripu inarudi sifuri (na mafuta ulikuwa unapimia hapohapo!). Hiyo peleka kwenye taa za ziada. Ila miguu ya kitufe cha dashibodi usiiguse na volti 12 utaunguza saketi, na shingoni waya iache ilegee, hendeli inazunguka.