Nyota nne kwa mzee wa vitabu vya marufuku, Nakuru

Ukishuka Mburu Gichua Road ukawapita wauza viatu vya mtumba, utaona mwavuli wa kijani uliopasuka ubavu mmoja. Chini yake ameketi mzee na vitabu vyake vikuukuu: vya shule mbele, Biblia katikati, na nyuma ya kiti katoni ya mafuta ya kupikia iliyoandikwa kwa kalamu nono: MARUFUKU. Mimi ni fundi cherehani, nashonea Kaptembwa, na ni mteja wa katoni hiyo tangu mwaka jana.

Nianze na bei, maana ndiyo iliyonivuta. Mzee haangalii unene wa kitabu wala uzuri wa jalada. Anauza kwa kifungo. Kila mwaka ambao mwandishi alikaa ndani ni shilingi 100. Kwa hesabu hiyo *Sauti ya Dhiki* ya Abdilatif Abdalla ingekuwa 300, kwa kuwa alifungwa miaka 3 kwa sababu ya kijikaratasi cha mwaka 1968, *Kenya: Twendapi?* Lakini mimi nililipa 250. Mashairi hayo ya gerezani yalichapishwa 1973, na 1974 yakapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Naam, Kenyatta yule yule ambaye serikali yake ilimtia ndani! "Hapo natoa hamsini," mzee akasema. "Mwenye deni amelipa kidogo." Nilicheka mpaka muuza viatu akaja kuuliza kuna nini.

Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa tarehe 31 Desemba 1977, wiki chache baada ya tamthilia yake *Ngaahika Ndeenda* kuzuiwa kule kijijini Kamĩrĩĩthũ, akaachiliwa Desemba 1978. Mwaka haukutimia, kwa hivyo vitabu vyake vilikuwa vinakwenda kwa 95. Hapo tulibishana. Nilimwambia, mzee, huyu hakufikishwa hata kortini. Kifungo kisicho na kesi kitakuwaje rahisi kuliko chenye kesi? Hata mimi, nguo isiyo na kipimo ndiyo hunilia kitambaa kingi. Akawaza, akaongeza 50. Nikajuta kufungua mdomo.

Riwaya yake *Matigari* haiuzwi. Inaazimwa, 50 kwa wiki, na unaacha 200 mkononi mwake. Kitabu hicho kilipotoka kwa Kikuyu mwaka 1986, watu walianza kumzungumzia Matigari anayezunguka nchini akiuliza ukweli na haki vinapatikana wapi, hata ikatolewa amri akamatwe. Ngũgĩ mwenyewe ndiye aliyesimulia hivyo. Walipong'amua kwamba ni mtu wa hadithini, mwaka 1987 wakakamata kitabu madukani. "Mimi siuzi mtu ambaye kesi yake haijaisha," mzee husema, na hacheki.

Chini kabisa ya katoni kuna bahasha ya kaki iliyoandikwa "Butere". Ndani hamna kitu. Wasichana wa shule ya Butere walikuwa na tamthilia yao, *Echoes of War*. Ikazuiwa, korti ikasema waigize, na Aprili 2025 wakaja hapa hapa Nakuru kwenye tamasha la maigizo ya shule. Polisi wakarusha vitoa machozi, wasichana wakaimba wimbo wa taifa wakaondoka. Binti yangu yuko kidato cha 3. Jioni ile aliniuliza mchezo wenyewe ulikuwa unasema nini, nikakosa la kumjibu. Bahasha kuishika ni bure. Kuondoka nayo huruhusiwi.

Kasoro zipo. Mvua ikinyesha, vitabu vinanuka kabati la marehemu. Kurasa za mwisho hukosekana, na mzee atakusimulia mwisho anaoutaka yeye. M-Pesa anapokea, ila risiti hatoi. Anasema risiti ni ushahidi.

Lakini nyota ya tano nimeizuia kwa jambo jingine. Mwezi uliopita nilichukua riwaya ya mapenzi, ya Kiswahili, kuukuu, isiyo na jalada wala jina. Kufungua, nikakuta kurasa 4 zimebanwa pamoja kwa pini za stepla.

"Mzee, hizi vipi?"

"Hizo si za kusomwa na mama wa watu."

"Na wewe ndiye mwenye katoni ya marufuku?"

"Ile marufuku ni ya serikali, mama. Hii ni adabu tu."

Nikakilipia, nikaenda nacho nyumbani. Usiku nikachukua wembe wangu wa kufumulia mishono, nikazing'oa pini moja moja. Binti yangu alikuwa ameacha kazi ya shule, shingo imerefuka kama ya twiga. Tukasoma pamoja. Bwana anavua viatu. Bibi anapuliza taa. Jogoo anawika. Halafu ukurasa mzima na nusu ni chai: nani aliichemsha, sukari ilikuwa ngapi, na kwa nini mama mkwe hakuinywa.

"Mama," binti yangu akasema, "ni hii tu?"

Jumatatu nikamrudishia mzee anibadilishie na kingine. Alikigeuza, akaviona vitundu vya pini, akaniangalia juu ya miwani. Hakuuliza kitu. Akainama chini ya kiti, akatoa stepla, akazibana tena kurasa zile mbele ya macho yangu, kah, kah, kah, kisha akanidai shilingi 20 za pini.