Banda la vitabu vya mitumba hapa Mombasa, na maisha ya George Fernandes

Banda lenyewe liko upande wa Digo Road, wale mwendao Marikiti mwalipita kila siku. Kama wataka vitabu vya shule vya mtaala mpya hapa sipo, nenda madukani. Hapa ni riwaya za zamani, magazeti yaliyofungwa kwa kamba, na kitu ambacho sijakiona pengine mjini, rafu nzima ya vitabu vya siasa za India. Inaeleweka, manake familia ya Kihindi ikihama au mzee wao akifariki vitabu vyauzwa vyote kwa pamoja na huyu mzee huvinunua. Na yuavisoma! Wewe mwambie tu wafanya kazi gani, atakutolea kitabu chako.

Mie nilimwambia niko bandarini. Akanitolea maisha ya George Fernandes, kiongozi wa wafanyakazi na mwanasiasa wa India, akasema "chukua mwanangu, huyu alianza na watu kama nyinyi." Shilingi 300, na ukirudisha kikiwa kizima ahesabu 200 kwenye kitabu kingine. Kwa bei hiyo mjini hupati hata chakula cha maana.

Sasa kitabu, na hapa naomba mnivumilie manake kimenishika kwelikweli. Fernandes alizaliwa Mangalore 1930, huko huko vilikotoka vile vigae vyekundu vya mapaa ya nyumba zetu za zamani. Familia ya Kikatoliki, akiwa na miaka 16 akapelekwa seminari Bangalore asomee upadri, akatoka kwa sababu wakubwa walikuwa wakila chakula kizuri kwenye meza za juu na wanafunzi wakila cha kwao huku chini, akaona haya yanayohubiriwa siyo yanayotendwa. Akaenda Bombay bila kitu, akawa yualala ufukweni Chowpatty na polisi wamwamsha usiku ahame. Aliyemshika mkono ni Placid D'Mello, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa bandari ya Bombay. Wa bandari, mwasikia! Kutoka hapo akawa ndo mtu wa madereva wa teksi, wahudumu wa hoteli, watu wa manispaa, akiita mgomo mji wasimama.

1967 akagombea ubunge Bombay Kusini dhidi ya S. K. Patil, waziri mzima wa reli na bwana mkubwa wa chama tawala cha Congress pale mjini, kila mtu asema huyu kijana ajisumbua, akamwangusha.

Sehemu ya mgomo wa reli wa 1974 nimeisoma nikairudia. Wafanyakazi zaidi ya milioni moja waliweka kazi chini kuanzia tarehe 8 Mei, wataka zamu ya masaa 8 na mshahara wa kumwezesha mtu kuishi, serikali ya Indira Gandhi ikawakamata kwa maelfu na wengine na familia zao wakatolewa kwenye nyumba za kazi, na baada ya wiki tatu hivi mgomo ukavunjika. Sisi Mombasa tuna Januari 1947 yetu, mgomo mkuu na kiongozi wake Chege Kibachia, baadaye serikali ya kikoloni ikamkamata, na vijana wengi tunaofanya nao kazi hawajui hata jina lake. Hilo laniuma sana. Wenzetu kule wameandikiwa, sisi twategemea wazee wakumbuke.

Hali ya hatari ilipotangazwa Juni 1975 Fernandes akajificha, akafuga ndevu akavaa kilemba kama Singasinga, polisi wakamshika nduguye Lawrence wakamtesa vibaya ili aseme aliko. Yeye mwenyewe walimpata Calcutta Juni 1976, wakamshtaki kesi ya baruti ya Baroda, kwamba alipanga kulipua reli na majengo ya serikali. Ile picha yake ya minyororo, mkono juu, imo kitabuni na imetoka vizuri. Na 1977 akiwa bado ndani akachaguliwa mbunge wa Muzaffarpur, Bihar, kwa tofauti ya kura zaidi ya 300,000. Akatoka jela akawa waziri wa viwanda, ndo wakati Coca-Cola na IBM zilipoondoka India kwa kukataa masharti ya kupunguza hisa za wageni.

Kwengine mwandishi amemwonea haya. Julai 1979 alisimama bungeni akaitetea serikali ya waziri mkuu Morarji Desai, aliyokuwamo mwenyewe, kwa nguvu zote, kisha siku ya pili akaiacha, na kitabu chapita hapo mbio kurasa mbili tu. Vile vile mtu aliyepinga silaha za nyuklia maisha yake yote akawa ndo waziri wa ulinzi India ilipolipua mabomu ya nyuklia ya majaribio huko Pokhran Mei 1998, ndani ya serikali iliyoongozwa na chama cha BJP. Mie mtu wa chama cha wafanyakazi hayo nataka nielezwe kwa kirefu, sio kufichwa fichwa. Lakini reli ya Konkan, ile ya pwani ya magharibi ya India, imeelezwa vizuri, jinsi alivyoisukuma akiwa waziri wa reli 1990, madaraja na mahandaki mpaka ikafika kwao Mangalore. Alishinda kiti cha Lok Sabha, bunge la India, mara 9, akafa Januari 2019 ugonjwa wa kusahau ukiwa ushamchukua miaka mingi kabla, na hiyo sura ya mwisho ni nzito, usiisome usiku.

Kasoro za banda ni kwamba ndani giza, chukua simu umulike, na kagua kurasa kabla hujalipa manake changu kilikuwa na kurasa kadhaa zimelowa na kugandana. Kadi hapokei, ni M-Pesa au pesa mkononi. Ijumaa mchana hufunga kwa sala. Kitabu ni Kiingereza kigumu kigumu, mwenye uwezo wa kututafsiria hata hiyo sura ya 1974 peke yake tutampokea kwa mikono miwili pale bandarini. Banda nalipa 5 kwa 5, kitabu 4, na changu sikirudishi, kiko kwa zamu ya usiku wasoma kwa kupokezana.