Duloksetini: imeuzima moto wa nyayo, ganzi imeiacha palepale

Nilipomaliza mizunguko ya paklitakseli, dawa ya kuua seli za saratani, kwa ajili ya saratani ya matiti, nilibaki na nyayo zinazowaka moto kila usiku na vidole vilivyokufa ganzi kiasi kwamba kandambili ilikuwa ikinivuka njiani nisijue. Paklitakseli, kama zilivyo dawa nyingine za saratani kama oksaliplatini na vinkristini, hudhuru mishipa ya fahamu, na iliyo mirefu zaidi ndiyo huumia mapema, hivyo miguu na ncha za vidole hutangulia kuathirika. Daktari aliniandikia duloksetini, ambayo hutumika pia kutibu sonona, nami nimeitumia kwa miezi minne sasa.

Kabla ya hapo nilikuwa nimekwisha kupoteza fedha. Duka moja la dawa liliniuzia kirutubishi kiitwacho asetili-L-kanitini, eti "inalisha neva", ilhali utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa wanawake walioimeza wakiwa katika matibabu ya aina yangu waliishia na madhara makubwa zaidi ya mishipa kuliko wenzao.

Duloksetini nilianza na miligramu 30 kwa wiki moja, kisha 60 kila siku. Wiki ile ya kwanza nilishindwa na chakula kwa kichefuchefu, na usiku nililala usingizi wa mang'amung'amu. Nilipohamishia kapsuli baada ya kifungua kinywa, nafuu ikapatikana. Kufikia wiki ya tano niliweza kujifunika shuka hadi miguuni, jambo nililokuwa nimelisahau. Ganzi haikusogea: sarafu za nauli bado nazitambua kwa macho, na kukuna nazi nimemwachia binti yangu. Siilaumu dawa kwa hilo, kwa sababu jaribio lililoipa sifa, nalo la 2013, lilipima hasa maumivu, na hata humo asilimia 59 ya walioitumia ndio walioona yamepungua, dhidi ya asilimia 38 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Anayetumia tamoksifeni, dawa ya homoni ya saratani ya matiti, amweleze daktari mapema, kwani duloksetini huweza kuizuia ini isiifanye dawa hiyo iwe na nguvu yake kamili. Wala duloksetini isikatishwe ghafla: niliishiwa kwa siku mbili tu, kizunguzungu kikanilaza kitandani, na tangu hapo nanunua pakiti mpya kabla ya ile ya zamani kufika nusu.