Kukata tiketi ya Kisumu–Nakuru mtandaoni: uzoefu wangu nikiwa msafiri asiyeona

Mimi sioni. Kompyuta yangu naiendesha kwa NVDA, programu ya bure inayonisomea skrini kwa sauti. Naishi Kondele, na kila mwezi huenda Nakuru kwa dada yangu. Kampuni ya basi ninayoizungumzia sitaitaja jina, maana kasoro hii nimeikuta kwa wengi.

Nilikata tiketi kwenye tovuti yao mara ya kwanza Desemba iliyopita. Nikifungua ukurasa, kwanza nabonyeza Insert na F7, orodha ya viungo vyote, yaani link za kubonyeza, inatokea, kisha napiga herufi ya kwanza ya ninachokitafuta. Nikapiga N ya Nakuru. Kimya. Nikashuka kwa mshale: "Bonyeza hapa. Bonyeza hapa. Soma zaidi. Bonyeza hapa." Hapa wapi? Kwenye orodha ile kiungo huja peke yake. Maneno yaliyokizunguka hubaki kwenye ukurasa.

Basi nikarudi kusikiliza ukurasa wote. Saa, kiungo, saa, kiungo. Niliposikia "saa mbili asubuhi" nikabonyeza kiungo kilichofuata, nikalipa. Kumbe kila kiungo kilikuwa cha saa inayokuja baada yake. Nilifika stendi mapema na begi langu, nikaambiwa tiketi yako ni ya saa tatu usiku na basi la asubuhi limejaa. Nilishuka Nakuru saa saba usiku, dada yangu amesimama kwenye baridi ananingoja. Hilo linaniuma hadi leo.

Niliwapigia simu. Binti aliyepokea alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Pole sana, mzee. Sasa tuandike nini?"

Nikamwambia, binti yangu, andikeni kile mtu atakachokikuta akibonyeza. Neno lenye uzito litangulie: "Nakuru, saa mbili asubuhi, kata tiketi." Msianze na "kiungo cha", kwa kuwa programu yenyewe hunitangazia kwamba hiki ni kiungo. Na anwani ya tovuti msiibandike ilivyo, nisije nikasomewa mikwaju na nukta mstari mzima.

Nilimtajia pia WCAG, mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazofikiwa na wote. Kanuni ya 2.4.4, iliyo ngazi ya A, yaani ya chini kabisa, inaridhika kiungo kikieleweka pamoja na sentensi yake. Ya 2.4.9, ngazi ya AAA, inataka kieleweke chenyewe. Kwa ratiba ya mabasi mimi naomba hiyo ya pili, kwa sababu kiungo kikikosewa mtu analala njiani.

Februari nikajaribu tena. N, na papo hapo: "Nakuru, saa mbili asubuhi, kata tiketi." Nikashusha mshale: "Nakuru, saa tatu usiku, kata tiketi." Nilirudia mara mbili kwa furaha tu. Hata masharti ya mizigo sasa yanajitaja: "Pakua masharti ya mizigo, PDF."

Limebaki moja. Kiungo cha kulipia ni picha tupu isiyo na maelezo, nami nasomewa jina la faili, herufi na tarakimu zisizo na maana. Nilikibahatisha kwa kuwa ndicho cha mwisho. Nawapa nyota nne, na ya tano ni yao siku picha hiyo itakaposema "Lipa".