Oili ya gia boksi: jina la Nissan au la kampuni nyingine? Uzoefu wangu baada ya Kitonga

"Mama, oili ni oili. Kama huelewi, mpigie mume wako nimweleze yeye." Maneno hayo niliambiwa mbele ya wateja watatu, katika duka la oili lililopakana na gereji hapa Dar es Salaam, nikiwa nimeshika kikaratasi nilichoandika kwa herufi kubwa NS-2, jina la aina ya oili inayotakiwa na gia boksi yangu. Kitabu cha gari langu ni cha Kijapani mwanzo hadi mwisho, kama vilivyo vitabu vya magari mengi yanayoshushwa bandarini kwetu, lakini herufi hizo mbili na tarakimu moja husomeka hata kwa asiyejua Kijapani, nami nilikuwa nimezinakili mwenyewe. Gari ni Nissan X-Trail ile inayotumia gia boksi ya CVT, yaani automatiki ya mkanda na puli. Kijana wa kaunta alikitazama kikaratasi, akasonya, akaniwekea mezani dumu lililoandikwa kwamba linafaa magari yote ya automatiki.

Nikiri kosa langu mapema, maana najua nitaulizwa: nilikubali. Oili yenye jina la Nissan alisema imeisha, na hata ingekuwapo, bei aliyoitaja ilikuwa karibu mara mbili ya lile dumu. Nilikuwa na haraka, wateja walikuwa wananitazama, na fundi alikwisha kulifungua gari na oili ya zamani ilikuwa inachuruzika kwenye beseni. Nililipa huku nimenuna. Oili iliyoingia ilikuwa nyekundu kama juisi ya rozela, ile ambayo mafundi wetu huiita haidroliki.

Kwa majuma kadhaa gari lilitembea mjini bila neno, na hilo ndilo lililonifanya nijione nimekuwa mbishi bure. Baadaye nilielewa sababu. Ukifungua bolti ya chini na kuacha oili itoke yenyewe, hutoka takriban nusu tu ya iliyomo, na inayobaki hujificha ndani ya kigeuza nguvu kinachounganisha injini na gia boksi, mirija na kipoza oili. Kwa hiyo gia boksi yangu ilikuwa inaishi kwa kuchanganya oili yake halali na ile ya kijana wa kaunta, na kwa safari za Tabata hadi Posta mchanganyiko huo ulivumilika.

Kwenye mlima wa Kitonga haukuvumilika. Nilikuwa nakwenda Iringa kwenye sendofu ya binti wa dada yangu, nimepita Ruaha Mbuyuni na kununua gunia dogo la vitunguu lililokuwa linanukia gari zima, na mlima nikauanza nyuma ya malori mawili yaliyokuwa yakijikongoja. Kwenye kona ya pili au ya tatu nilisikia mlio mwembamba kama wa mbu mkubwa chini ya miguu yangu. Kisha gari likaanza kutetemeka. Nilipokanyaga moto, mshale wa mizunguko ya injini ulipanda, injini ikanguruma, lakini gari lenyewe halikuongeza mwendo hata kidogo. Nyuma yangu basi linapiga honi, mbele yangu lori limesimama kabisa, kushoto ni bonde. Nilisogea pembeni mahali palipokuwa na nafasi finyu, nikawasha taa za hatari, nikakaa juani na vitunguu vyangu muda wa zaidi ya saa nzima hadi gia boksi ikapoa na kukubali kunifikisha Ilula kwa mwendo wa baiskeli. Katika muda huo wote sikuwaza kitu kingine isipokuwa ile sentensi ya kumpigia mume.

Fundi niliyempata Ilula ni mzee mpole ambaye hakuniuliza habari za mume. Alisubiri gari lipoe, akatoa oili kidogo kwenye kikombe cheupe cha chai, akakigeuzageuza kwenye mwanga. Ilikuwa na rangi ya kutu, imefifia, inanuka kuungua. "Mwanangu, nani amekuwekea haidroliki humu?" aliniuliza, na kwa sauti yake ungedhani nimeleta mtoto aliyelishwa sumu. Alipolishusha karai la chini ya gia boksi, alinionyesha sumaku zilizokaa ndani yake, zimefunikwa uji mweusi wa unga wa chuma. Alipitisha kidole kwenye uji huo, akausugua kati ya kidole na kidole, akanyamaza. Kiasi kidogo cha unga huo ni cha kawaida, alisema hatimaye, ila ule wangu haukuwa kidogo.

Alinieleza kwa maneno machache kuliko nitakayotumia mimi. Automatiki ya kawaida hubadilisha gia kwa sahani za klachi, na oili nyekundu imetengenezwa kwa ajili ya sahani hizo. CVT haina gia za kuhesabu; ina mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili zinazopanuka na kubana. Oili yake inatakiwa ilainishe na wakati huohuo iuache mkanda uzing'ang'anie puli. Ukiweka isiyostahili, mkanda huanza kuteleza, puli zinakwaruzika, na joto hupanda hasa mlimani ukiwa na mzigo.

Hapo niliapa kwa sauti kwamba maisha yangu yote sitanunua tena oili isiyo na jina la aliyetengeneza gari. Mzee alicheka. Alikwenda dukani kwa jirani akarudi na madumu ya kampuni nyingine kabisa, si Nissan, ila nyuma ya kila dumu NS-2 na mrithi wake NS-3 zilikuwa zimetajwa waziwazi. Alisafisha sumaku na kubadilisha filta, akajaza oili, tukazunguka nalo kidogo, akaimwaga yote, akajaza tena, ili mabaki ya nyekundu yapungue. Nilihudhuria sendofu nikiwa nimechelewa, nikarudi Dar kwa kuushuka mlima uleule, na hadi leo gari linakwenda. Mtetemo umekwisha, mlio husikika mara mojamoja asubuhi kukiwa na baridi, nami najifanya sisikii.

Basi kiapo changu kilidumu kama nusu saa. Nissan wenyewe hawana kisima cha mafuta. Oili yao huchanganywa na makampuni ya mafuta kwa vipimo wanavyotaka wao, na gia boksi yenyewe hutengenezwa na kampuni iitwayo JATCO. Kwa upande wa Toyota, kampuni ya Aisin inayotengeneza gia boksi zao nyingi huuza pia oili kwa jina lake yenyewe. Hoja ya waranti, ambayo huko kwingine huwafanya watu wang'ang'anie oili ya kiwandani, haina maana kwa sisi tulionunua gari likiwa limekwisha kumtumikia Mjapani miaka kadhaa. Kwa hesabu hiyo, oili ya kampuni nyingine inayotaja kipimo chako, kama NS-2, kwa jina inatosha. Nilikuwa nimefikia hapo, nimetulia kabisa.

Kisha nikarudi kwenye lile duka. Sikwenda kudai fedha. Nilitaka tu yule kijana ayasikie ya Kitonga. Alinisikiliza huku anachezea simu, na nilipomaliza akasema, "Sasa mama, si ungesema tangu mwanzo kwamba unataka ya Nissan?" Nyuma yake, kwenye rafu, yalipangwa makopo ya bati ya lita nne yenye jina la Nissan. Kama yalikuwapo siku ile au la, sijui. Nilitoka bila kuaga, nikaenda moja kwa moja Kariakoo, na kwa hasira tupu nikanunua kopo la namna ileile kwa bei ambayo sitaitaja nyumbani.

Nilipolitazama vizuri usiku, niliona pete ya kifuniko ina alama za gundi na maandishi ya upande mmoja yamepinda kidogo. Huenda ni halali na mimi ndiye niliyegeuka mtu wa kushuku kila kitu. Kopo liko chini ya meza ya jikoni, na kwa huduma ijayo nimekwisha kumpigia mzee wa Ilula anitumie madumu yaleyale kwa basi.